Nyumba haina gesi ya bomba: tuchukue tangi lipi la mafuta?

MamaNeema
Habari zenu ndugu zangu. Tumehamia kijijini, nje kidogo ya Louth, Lincolnshire, na bomba la gesi halijafika huku. Boila, yaani mtambo wa kupasha nyumba joto, inachoma mafuta ya taa, yaletwayo na lori na kumiminwa kwenye tangi nyuma ya nyumba. Tangi tulilolikuta ni la plastiki, lina ukuta mmoja, limepauka kwa jua na limevimba upande. Chini, karibu na vali, pana ufa mwembamba kama unywele. Ukipitisha kidole kinatoka na harufu ya mafuta.

Mume wangu anasema litatuvusha hadi baridi iishe. Mimi sina amani, maana kijito kinapita hatua chache tu kutoka pale na watoto wanacheza humo.

Tumepewa bei za aina tatu. Kuna tangi la plastiki lenye kuta mbili, lita 1,200. Kuna la chuma la ukuta mmoja, lita 2,500, ambalo ukipiga hesabu kwa lita ni rahisi zaidi. Halafu kampuni moja inasema tuachane na mafuta, itatuwekea tangi la gesi bila kutudai hela ya tangi. Nyumba ina vyumba vitatu vya kulala. Mngekuwa nyie mngechukua lipi?

FundiWaTanga
Hongera kwa nyumba, dada. Kufunga boila na matangi ndiyo kazi yangu huku Norfolk, kwa hiyo naomba unistahimili nikieleza kwa kirefu.

Tuanze na huo ufa, na shemeji anisikilize. Msingoje baridi iishe. Plastiki iliyochoka na jua ikishaanza kupasuka, inaweza kuachia yote usiku mmoja. Msiagize mafuta mengine humo. Mwiteni fundi ayanyonye yaliyobaki, wiki hii. Mafuta ya taa hupenya udongo haraka sana. Yakifika kwenye kijito mnakuwa na kesi ya uchafuzi wa maji, na kuchimba na kubadilisha udongo kunaweza kula pesa nyingi kuliko bei ya tangi jipya. Bima nyingine zinalipa, nyingine hazilipi, hasa ikionekana mwenye nyumba alijua tangi ni bovu. Isomeni yenu kabla ya yote.

Sasa uchaguzi. Watu wengi huanza kuuliza lita. Mimi kwa mteja huanza na futi ya kupimia, natembea uwanjani kwanza. Kanuni za ujenzi za England zinataka tangi likae angalau mita 1.8 kutoka kwenye nyumba, na sentimita 76 kutoka kwenye mpaka wa jirani. Pakibana, itabidi ujenge ukuta wa kuzuia moto. Chini liwekwe juu ya zege au mabamba ya saruji, na sakafu hiyo izidi tangi kwa sentimita 30 kila upande. Hapa ndipo mafundi wa bei poa wanapokata kona: wanaweka tangi juu ya matofali mawili matatu, plastiki inapinda katikati, na baada ya miaka michache inavimba ubavuni. La kwako limevimba. Kachungulie chini yake uone limekalia nini.

Kijito ndicho kinachokata shauri. Tangi likiwa ndani ya mita 10 kutoka kwenye maji ya wazi, au mita 50 kutoka kwenye kisima cha maji ya kunywa, kanuni zinataka liwe na kinga ya pili: tangi ndani ya tangi, la nje likiwa na uwezo wa kubeba asilimia 110 ya la ndani. Kwa hiyo lile la chuma la ukuta mmoja lifute kabisa, hata wakikupunguzia bei.

Kuhusu ukubwa, lita 1,200 zinakutosha. Wauzaji wengi hawaleti chini ya lita 500 kwa safari, na tangi halijazwi hadi juu kabisa. Ukiwa na 1,200 unaagiza likiwa limebaki theluthi hivi, na bado unapata nafasi ya mzigo wa maana. Usiliache likauke: boila itavuta tope la chini na hewa, utamwita fundi kuja kutoa hewa kwenye bomba huku watoto wanatetemeka.

Jambo la mwisho ambalo halimo kwenye karatasi ya bei, na naomba uliulize: vali ya moto, inayofunga mafuta yenyewe joto likizidi kwenye boila, na chujio. Nikifungua bakuli la chujio kwenye nyumba iliyosahauliwa nakuta tabaka mbili: mafuta ya njano hafifu juu, na chini yake maji yenye chembe za kutu au ute mweusi. Maji hayo ni mvuke wa hewani uliogeuka maji ndani ya tangi, au mvua iliyopita kwenye kifuniko kibovu. Ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini, na ndiyo yanayokula chuma kwa ndani. Chujio lisafishwe kila mwaka boila inapohudumiwa.

Fundi awe amesajiliwa OFTEC, chombo kinachosajili mafundi wa boila na matangi ya mafuta, ili athibitishe mwenyewe kwamba kazi yake inafuata kanuni. Asipokuwa amesajiliwa, lazima muiarifu halmashauri kabla ya kuanza.

BabaZuhura
Niko Wales, natumia gesi ya tangi, propani. Haina harufu uwanjani na hakuna kuhofia kijito. Lakini tangi ni la kampuni, kwa hiyo unanunua kwao tu muda wa mkataba, kwa kawaida miaka miwili. Tangi la juu ya ardhi linataka mita 3 kutoka kwenye nyumba na mpaka, na boila ya mafuta haiwezi kuchoma gesi, utanunua nyingine. Hiyo gharama wameitaja?

Mwanakijiji
Dada, uliza majirani kama wana kikundi cha kununua mafuta pamoja. Lori likija mara moja kwa nyumba nyingi bei inashuka. Na nunua kiangazi. Mafuta haya hayana bei elekezi ya serikali kama gesi ya bomba. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwishoni mwa Februari, lita ilivuka pauni moja ndani ya siku chache. Weka na kufuli, wizi upo.

MamaNeema
Asanteni sana. Tumepima: hadi kijitoni ni mita 7. Na chini ya tangi kweli kuna matofali. Mume wangu amekubali, tunachukua la kuta mbili. Boila ya gesi hawakuitaja kabisa. Fundi, haya mafuta yaliyobaki naweza kuyatumia? Na tangi la zamani, jirani anataka kulikata atengeneze pipa la maji.

FundiWaTanga
Mafuta yanatumika kama hayana maji. Mwambie anayeyanyonya ayapitishe kwenye chujio na aache ya chini kabisa, hayo ni tope. Kuhusu jirani, mkatalie. Mvuke wa mafuta hubaki ndani hata tangi likionekana kavu, na cheche moja ya msumeno inaweza kulipua. Aliyeleta jipya aondoke na la zamani, na aliandike kwenye bei kabla hamjatoa malipo ya awali.