Boti ya jeti: futi 19 au 24?

Wakubwa, nataka boti ya jeti (isukumwayo na pampu ya maji, si rafadha) ya matembezi, watu sita, Nungwi hadi Mnemba. Futi 19 yatosha?

— Futi 19 ni ya ndani ya mwamba, bahari ikilala. Watu sita wa kilo 75 ni kilo 450, petroli bado. Kusi likivuma boti itapigwa tumbo na mawimbi njia nzima. Chukua 24, injini mbili.

— Mbili, naam, ila petroli utailia! Ukifika Paje chunga kamba za mwani: pampu ikinyonya moja, injini inalia, boti haiendi. Zima, chomoa ufunguo, ndipo utie mkono. Maji chini ya sentimita 90 usiwashe, mchanga unakula pangaboi la pampu.

— Gatini usikate gesi yote, shekhe. Bila msukumo wa maji, usukani haushiki.