Naomba ushauri: mfumo unakataa sifuri

Habari zenu wana kikundi. Mimi ni karani wa takwimu mwaloni, pale boti za uvuvi zinaposhusha samaki; siku hizi tumeacha daftari, mavuno tunayaingiza kwenye programu ya simu. Programu inataka kilo, wavuvi wanahesabu ndoo, na ndoo ya dagaa si sawa na ya samaki wakubwa. Nimepima ndoo 10 za kila aina nikapata wastani, angalau hapo napumua.

Kinachoninyima usingizi ni boti zinazorudi mikono mitupu. Nikiandika 0, fomu haitumwi. Basi safari hizo hazihesabiwi, wastani wa mavuno kwa safari unapanda, tutadhani samaki wapo kumbe wanaisha!

Safari tupu ninyi mnaziingizaje? Na wastani wa ndoo niupime upya kila baada ya muda gani?