Mgonjwa wa alzaima apimwe jeni kabla ya kupewa lecanemab? Mi nasema apimwe, tena iwe lazima

Jamani naombeni tulijadili hili bila kukasirikiana maana kwetu limeshagawa familia. Mama tunaishi naye hapa Texas, ana alzaima, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ndo inaanza, daktari kataja lecanemab, ile dawa ya dripu kila wiki mbili inayosafisha amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa alzaima. Kaka yangu anasema dawa sawa ila kipimo cha jeni ya APOE hapana, kwa sababu mama akikutwa na e4 mbili (e4 ni aina ya jeni hiyo inayoongeza hatari ya alzaima, na kila mtu anarithi nakala moja kwa kila mzazi) basi sisi watoto wote tunayo moja, hachomoki mtu, na yeye hajaomba kujua. Namwelewa kabisa. Ila sikubaliani naye.

Amiloidi inaganda mpaka kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, mshipa unachoka kama mpira wa maji uliokaa juani, sasa dawa ikianza kuing'oa pale ndo ubongo unavimba au damu inavuja. Kwenye utafiti mkubwa wa dawa hii, watu 1,795 kwa miezi 18, waliopewa dawa wakiwa na e4 mbili kama 33% walivimba ubongo, wasio nayo kabisa 5% tu. Kuvuja damu ni 39% kwa 12%. Wengi hawakuhisi kitu, MRI, ile mashine ya kupiga picha ya ubongo, ndo iliona, lakini kuna mama wa miaka 65 kule Chicago yuko kwenye lecanemab akapata kiharusi, hospitali wakampa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, akavuja sehemu nyingi za ubongo akafa. Alikuwa na e4 mbili. Na faida yenyewe ni tofauti ya pointi 0.45 kwenye kipimo cha pointi 18 cha kumbukumbu na shughuli za kila siku, jamani.

Kuna wanaosema MRI peke yake inatosha, jeni haina haja kupimwa. Ya mama niliiona, daktari alinigeuzia skrini akanionyesha vidoti viwili vyeusi kwa nyuma karibu na ganda la ubongo, vidogo kama ufuta, akasema hicho ni chuma kilichobaki pale damu ilipovuja zamani, na vikikaa huko pembeni mara nyingi ni amiloidi, vikiwa ndani kabisa mara nyingi ni presha. Sawa, lakini hiyo ni damu iliyokwisha kuvuja! Mi nataka kujua mama anaingia na hatari kiasi gani kabla ya dripu ya kwanza.

Uingereza walipoidhinisha Agosti 2024 wenye e4 mbili waliwatoa kabisa, Ulaya nao hivyohivyo. Marekani 2023 wameweka onyo kali, wanashauri kupima, ila hawalazimishi. Mi kukataza sikubali, hasa kwa sisi, maana kwenye ule utafiti watu weusi hawakufika hata 3 kati ya 100, hizo asilimia karibu zote si zetu. Ila kumwekea mtu dripu bila kumwambia hatari yake mwenyewe, hapana.

Kwa kaka nimependekeza majibu abaki nayo mama na daktari, asiyetaka asiambiwe. Ila dawa ikisitishwa ghafla baada ya majibu, kaka si atajua tu kuwa mama ana e4 mbili? Hapo ndo nimekwama, waliopitia hili na ndugu zao mlifanyaje?