MJADALA: Somo la ubaguzi wa rangi mashuleni Marekani, mzazi awe na sauti kiasi gani?

Wadau habari zenu, hasa nyie mliopo huku Marekani na watoto wanasoma shule za umma. Kwenye grupu letu la wazazi hapa Virginia kuna kaka aliandika kwamba shule ifundishe kusoma na hesabu, mambo ya rangi tuachiwe wazazi nyumbani, na mzazi asiyetaka mwanae afundishwe hayo asikilizwe. Wengi wakamuunga mkono. Mimi sikubaliani nae kabisa, nikaona nilete hoja hapa kwa kirefu kwasababu hii ishu inatugusa kuliko tunavyodhani.

Kwanza tukumbushane hizi kelele za sasa zilikotokea. Septemba 2021 kwenye mdahalo wa wagombea ugavana wa hapa Virginia, mgombea mmoja, Terry McAuliffe, alisema haoni kama wazazi wanatakiwa kuziambia shule zifundishe nini. Mpinzani wake Glenn Youngkin akaidaka ile kauli akazunguka nayo jimbo zima, akashinda, na tarehe 15 Januari 2022 siku anaapishwa amri yake namba moja ikawa ni kupiga marufuku mashuleni kile walichokiita dhana zinazoleta mgawanyiko, na pia ikafunguliwa email ya wazazi kuripoti shule. Texas walishapitisha sheria yao 2021, Florida wakafuata 2022. Kila mtu mdomoni CRT, CRT (Critical Race Theory), wakati hiyo ni nadharia ya wanasheria wa vyuo vikuu kuhusu ubaguzi wa rangi ndani ya sheria, kina Derrick Bell na Kimberlé Crenshaw, mtoto wa darasa la nne hata haijui, yeye anafundishwa Rosa Parks, yule mama mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, alikuwa nani.

Sasa tunaposema haki za wazazi mimi nauliza, wazazi gani? Maana mzazi ambaye mwanae anaitwa nyani kwenye basi la shule nae ni mzazi, ila kwenye huu ugomvi mbona sauti yake haisikiki.

Na historia ya haki za wazazi hapa Virginia inabidi tuijue kabla hatujaidandia. Mwaka 1951 mji wa Farmville, kaunti ya Prince Edward, binti wa miaka 16 anaitwa Barbara Johns aliwaongoza wanafunzi wenzake weusi wa shule ya Moton wakagoma, manake shule ilijengwa kwa watoto kama 180 ikawa na zaidi ya 400, wengine wanasomea kwenye vibanda vya mbao vilivyofunikwa karatasi za lami, mvua ikinyesha panavuja. Kesi yao iliunganishwa na nyingine nne ikafika Mahakama ya Juu, ndo ile kesi ya Brown ya 1954 iliyosema kuwatenga watoto kwa rangi mashuleni ni kinyume cha katiba. Mnajua kaunti ilifanya nini? 1959 ilipobanwa kwamba sasa changanyeni watoto, ikaona bora ifunge shule zote za umma. Zote jamani. Mpaka 1964. Watoto wa kizungu wakafunguliwa shule binafsi na pesa ya umma ikasaidia ada, watoto weusi wakabaki mtaani, wenye ndugu majimbo mengine wakapelekwa huko wakalelewa mbali na mama zao, waliokosa wakasoma kidogo kidogo kwenye vyumba vya chini vya makanisa, na wapo ambao hawakurudi darasani tena maisha yao yote. Na utetezi ulikuwa ni huu huu, kwamba mzazi ana uhuru wa kuchagua mwanae asome na nani. Miaka mitano mizima! Hao watoto wengine wapo hai leo, ni wazee wa miaka sabini na kitu.

Sasa niambieni, hiyo historia ni dhana ya kuleta mgawanyiko? Mtoto wa Farmville asifundishwe kwanini bibi ya rafiki yake hakumaliza shule, eti mzazi wa mwenzie atajisikia vibaya? Jimbo lenyewe lilishaikubali, sanamu ya Robert E. Lee, jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa, iliondolewa Bungeni Washington Desemba 2020 na badala yake wakachagua ya Barbara Johns. Huwezi kumpa binti sanamu alafu mwalimu aogope kueleza alichokifanya.

Kuna mtu atasema hayo ni ya zamani. Haya, 2021 wizara ya sheria ya Marekani ilitoa matokeo ya uchunguzi wake kwenye shule za Davis kule Utah, watoto weusi ambao ni kama asilimia moja tu ya wanafunzi walikuwa wanatukanwa kwa lile tusi la rangi linaloanza na N, wanafananishwa na nyani, wanaambiwa ngozi yao chafu, wazazi wanalalamika miaka na miaka na wakubwa wa shule wanapuuza. Hapo sheria iko wazi, ni ile ya haki za kiraia ya 1964, shule inayopokea hela ya serikali kuu haitakiwi kufumbia macho manyanyaso ya rangi. Kwahiyo ukisema tuachiwe wazazi nyumbani, sawa, wewe mwanao utamwambia asijali amuombee anayemtukana, ila huyo anayetukana nyumbani kwao anaambiwa nini? Huyo ndio anahitaji mwalimu.

Sikatai mzazi kuwa na sauti. Mzazi ana haki ya kuona mtaala, kuona vitabu, kumuuliza mwalimu, na kama kuna mwalimu anawatenga watoto kwa rangi eti hawa wakae huku ni wanyonge na wale kule ni wakandamizaji, mimi mwenyewe nitaenda kulalamika kwasababu huko ni kumuaibisha mtoto. Na kuna wanaotaja kesi ya Mahmoud ya Juni 2025, wale wazazi wa Montgomery kule Maryland, Waislamu na Wakristo, walioshinda haki ya kuwatoa watoto kwenye vitabu vya masuala ya ushoga. Ile ilikuwa imani ya dini, na walitaka kumtoa mtoto wao, sio kumnyima mtoto wa jirani. Utumwa na Prince Edward sio imani ya mtu, vilitokea.

Na hapa niseme na sisi Waswahili wenyewe. Tumekuja na ile kwamba mwalimu ni mzazi wa pili, unampeleka mtoto unaondoka, ukiitwa shule ujue kuna kosa. Huku haiendi hivyo. Bodi ya shule karibu kila sehemu inapigiwa kura, vikao vyake viko wazi, unapewa dakika mbili tatu unaongea, na kodi unayolipa hata kama umepanga inaingia humo humo. Wanaojaa kwenye vile vikao ni wale wenye hasira na muda, sisi tupo shifti ya usiku. Kuna dada Mkongo aliyetokea kambi ya Nyarugusu aliitwa shule kisa mwanae alipigana, mkalimani akawa ni huyo huyo mtoto, na mtoto kwa aibu hakumwambia mama kwamba ugomvi ulianza kwa kutukanwa rangi yake. Mama akaomba msamaha, akasaini karatasi, wakaondoka. Ombeni mkalimani, na asiwe mtoto. Najua 2025 Trump alitangaza Kiingereza ndo lugha rasmi, lakini sheria ya 1964 haijafutwa, na kuna wilaya za shule bado wana wakalimani wa Kiswahili ukiuliza.

Na kingine kinaniuma, tunawaambia watoto wasikae na Wamarekani weusi, eti hawana adabu. Yule anayemtukana mwanao hajui kama wewe umetoka Kigoma au Bukavu. Na hata hiyo Brown unayonufaika nayo leo waliipigania wao.

Nawauliza mliopo Texas na Florida, tangu hizo sheria zipite mmeona mwalimu wa mwanao amepunguza chochote kwenye historia, au darasani hali ni ile ile? Na mliowahi kuongea kwenye kikao cha bodi, mliongea kwa Kiingereza chenu au mlipewa mkalimani, na walifanyia kazi mlichosema? Kaka wa kwenye grupu nae nimemtumia huu uzi aje ajibu, nimemuahidi hatutamtukana.