Naomba ushauri: tabibu wa kijijini afuatilieje miongozo mipya?

Habari zenu wakuu. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya kijijini, na kinachoniumiza kichwa ni kuchelewa kujua tiba inapobadilika. Chukulieni utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, kuhusu mama kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania. Mama akijifungua, damu inakingwa kwenye mfuko wenye alama za vipimo, mhudumu asikisie kwa macho. Ikizidi, anapewa yote kwa mkupuo: kukandwa mji wa mimba, dawa ya kuukaza, asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu), dripu, na kutafutwa chanzo. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Jambo zito namna hii nimelisikia kwa mwanafunzi aliyekuja mafunzo kwa vitendo.

Mwongozo wa taifa wa matibabu ninao, ila matoleo mapya hutufikia kwa kuchelewa. Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO), najua inafungulia taasisi majarida ya kitabibu, lakini kituo chetu hakijasajiliwa. Je, tunaweza kujisajili wenyewe au lazima tupitie wilayani? Na ninyi mlioko pembezoni, mnasoma nini, saa ngapi, na wagonjwa wamejaa benchi? Wakunga, nawasubiri sana.