Nyusi zimeshuka, kila mtu ananiuliza "nani kakuudhi?" Mliowahi kupandisha nyusi kwa upasuaji, njooni

MamaVitenge:
Habari za humu wapendwa. Nina miaka 54, nauza vitenge Kariakoo. Huu mwaka wa tatu nyusi zimenishuka hadi zimekalia kope, na katikati nina ndita mbili zisizofutika hata nikicheka. Wateja wanadhani nimenuna. Hilo ningelivumilia, ila sasa nikisoma risiti lazima niinue nyusi kwa kidole, na jioni paji linauma kama nimeshinda na ndoo kichwani.

Daktari wa kwanza kasema nichanwe sikio hadi sikio kupitia juu ya kichwa. Wa pili, Nairobi, kasema matundu matano tu na kamera. Mdogo wangu anasema nichome botoksi, ile sindano ya kulegeza misuli, niachane na visu. Nishike lipi?

Mkongojo:
Mama, duka la Kariakoo bila ndita watakukopa hadi feni. Bakiza moja.

SistaMacho:
Shikamoo mama, huyo achana naye. Mimi ni nesi kliniki ya macho. Kwanza ujue kilichoshuka ni nini. Kaa mbele ya kioo, fumba macho, legeza paji. Mtu akuwekee kiganja kwenye paji akandamize kidogo, ndipo ufumbue. Nyusi za mwanamke kwa kawaida hukaa juu kidogo ya mfupa wa jicho. Zikiwa zimeteremka chini yake, tatizo ni nyusi. Halafu ziinue kwa vidole: kope ikibaki imefunika mboni, basi ni msuli wa kope, na huo una upasuaji wake.

Maumivu ya jioni yanaweza kuwa ni msuli wa paji. Umeinua nyusi tangu asubuhi bila wewe kujua, na msuli huo ndio unaochora ile mikunjo iliyolala kukatiza paji. Kwa hiyo botoksi ya paji zima naiogopa kwako: inalegeza msuli uleule unaozishikilia. Kwenye ndita za katikati sawa, lakini baada ya miezi mitatu minne unarudi kuchomwa.

Nijibu hili pia: jioni kope yenyewe inalegea zaidi, au unaona kitu kimoja kama viwili? Kama ndiyo, habari za upasuaji ziache kwanza, wahi kwa daktari.

BintiMuscat:
Mimi nilifanya ya kamera, huku Muscat. Nusu kaputi, matundu matano ndani ya nywele. Wanabandua ngozi kutoka kwenye mfupa, wanalegeza misuli ya ndita, wanavuta juu, wanashikiza na vijipini vinavyoyeyuka vyenyewe. Siku ya tatu uvimbe ukateremkia machoni, nikawa mweusi tii chini ya macho. Mume wangu akakataa kwenda nami dukani, watu wasije wakasema kanipiga.

Ambalo sikuambiwa ni mwasho. Utosi ulikufa ganzi miezi kadhaa, halafu hisia zilipoanza kurudi ukawa unawasha usiku, najikuna na kidole sikihisi. Nusura nilie. Ila nyusi zimekaa, sijutii.

FundiRasta:
Wenzangu mnaangalia nyusi, mimi naangalia nywele. Ile ya sikio hadi sikio wanatoa ukanda wa ngozi ya kichwa, kwa hiyo nywele zinarudi nyuma. Mama, paji lako likoje? Na pembeni zimekatika kwa kusuka?

MamaVitenge:
Shuleni waliniita Uwanja wa Ndege. Na pembeni zimekwisha, nisifiche.

Sista, kijana wangu kanishikia paji. Nyusi zimeteremka chini ya mfupa kabisa, nikiziinua jicho lote wazi. Kope haibadiliki jioni, na viwili sioni.

SistaMacho:
Basi ni nyusi, na ile ya kwanza itakuongezea njia ya kurukia. Iko ya tatu: kuchana palepale nywele zinapoanzia. Hiyo hairudishi nywele nyuma, paji linaweza hata kupungua. Ubaya wake kovu linakaa mbele, nywele zikizidi kukatika linabaki wazi. Ya kamera inaficha kovu, ila nayo husogeza nywele nyuma kidogo. Umewahi kupata kovu la kuvimba, yaani keloidi?

MamaVitenge:
Sikio la kushoto, nilipotoboa mara ya pili. Lipo mpaka leo, kama punje ya njegere.

SistaMacho:
Hilo umtangulizie daktari kabla hata hujataja nyusi. Katikati ya kichwa keloidi si kawaida sana kama sikioni au kifuani, lakini kwako ile ya mbele ya nywele nisingeikimbilia. Omba pia kipimo cha upeo wa kuona, ijulikane nyusi zinakuziba kiasi gani. Na kama utafanyia hapa nyumbani, jina la daktari litafute kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika.

Mkongojo:
Mama samahani kwa utani wa mwanzo. Mama yangu naye anainua kwa kidole, nilidhani ni uzee tu. Leo namshikia paji.

MamaVitenge:
Umesamehewa, njoo dukani umchukulie doti moja. Jumatatu naenda kupima, nitaleta mrejesho.