Msonobari umelalia upande wa chumba cha watoto, mwenye nyumba anasema "mbona bado wa kijani"

Wakuu nimechoka, leo nasema. Winta ya huku siyo theluji ni mvua, wiki ya tatu sasa inanyesha mchana kutwa usiku kucha, ukikanyaga nyasi kiatu kinadidimia, na nyuma ya chumba wanapolala wanangu kuna msonobari mkubwa umeinamia kwetu. Juzi nikazunguka kuuangalia kwa nyuma. Kuna ufa ardhini, vidole vinne vinaingia, upepo ukipiga ule ufa unafunguka, ukitulia unajifunga, yaani unauona kabisa unapumua. Nikarekodi video nikamtumia mwenye nyumba. Jibu lake? Eti mti mzima huo, mbona wa kijani, tusubiri mvua ziishe.

Kijani ndo nini sasa?? Kwani unaanguka mti mkavu tu? Watu wanadhani mizizi imezama chini kama msumari kumbe mingi inatambaa juujuu, hata mita moja haifiki, kwahiyo udongo ukishageuka uji mti unang'oka mzimamzima na bonge lake la udongo. Na huo ukijani ndo unaozidisha hatari, maana miti iliyopukutisha majani upepo unapenya unaenda zake, huu umejaa juu kama tanga. Oktoba 1987 dhoruba ilipiga kusini mwa Uingereza ikakuta miti bado ina majani na ardhi imelowa, ikalala miti kama milioni 15 usiku mmoja, nayo yote ilikuwa mikavu?

Kinachoniuma zaidi, mwaka jana ni yeye huyuhuyu alileta mafundi wakachimba mtaro wa bomba upande huohuo wenye ufa, wakakata mizizi minene kama paja langu, niliona kwa macho yangu na nikamwambia. Akasema utaota mingine. Leo anajifanya hakumbuki.

Watoto nimewahamishia sebuleni wanalala chini kwenye magodoro, na mimi silali, tawi likilia tu nimeshakaa kitandani. Kodi lakini tarehe moja anapiga simu asubuhi na mapema!

Msiniambie nikaukate mwenyewe. Mti ulioanza kung'oka umekazwa kama upinde, ukiugusa vibaya unakurudia.

Aliyewahi kumbana mwenye nyumba mpaka akaleta watu wa kukata, alianzia wapi? Barua? Manispaa? Mnijibu haraka, kesho usiku wametangaza upepo mkali.